Sita au tisa? Mfanyabiashara, mchague vizuri wa kukupimia masikio

NTINDA, Kampala

Hasara ya shangazi yangu ilianzia kwenye simu. Alikuwa Busia, upande wa Kenya, na magunia yake ya dagaa. Wao kwao huita omena, na wateja wake wa Kampala huita mukene. Mnunuzi alimpigia na kumtajia bei ya kilo kwa shilingi za Uganda. Shangazi akasikia elfu tisa. Akamshukuru Mungu, akapakia kilo 300, akavuka mpaka.

Walipokutana Kampala, mnunuzi alihesabu elfu sita kwa kila kilo. Alisema ndiyo bei aliyoitaja, na kijana wake aliyekuwa karibu wakati wa simu akathibitisha. Tofauti ilikuwa shilingi 900,000. Shangazi alimwita mwizi mbele ya watu, wakaachana kwa ubaya baada ya miaka mingi ya kuaminiana. Mzigo ulikuwa umeshashushwa, hivyo akauza kwa hasara.

Nyumbani tulijua tatizo liko wapi, ila hakuna aliyetaka kulisema. Redio ya shangazi ilikuwa inasikika hadi kwa jirani. Ukimwita kutoka nyuma hageuki. Kila mtu kwake alikuwa "anamung'unya maneno kama vijana wa siku hizi". Ilichukua hasara ya shilingi 900,000 hadi akubali kupimwa.

Nasimulia haya kwa sababu najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaishi kwa masikio yao. Bei hutajwa kwa mdomo, mara nyingi kwa simu, katikati ya injini za malori na kelele za wachuuzi. Anayesikia vibaya mpakani hulipia kwa mtaji. Tena anapoamua kutafuta msaada anaweza kupoteza fedha mara ya pili, kwa kumwendea mtu asiyefaa. Shangazi yangu alizipoteza mara zote mbili.

Kwa nini ni sita na tisa

Mtaalamu aliyempima baadaye hapa Ntinda alitueleza jambo ambalo kila mfanyabiashara anayetumia Kiswahili anafaa kulijua. Kwa watu wengi, usikivu hauondoki wote kwa pamoja. Sauti nyembamba hutangulia kupotea, hasa kwa wazee na kwa walioishi na kelele. Irabu, yaani a, e, i, o na u, ni sauti nzito na zenye nguvu. Herufi kama s, t na f ni nyembamba na hafifu.

Sasa tazama "sita" na "tisa". Irabu ni zilezile, i na a. Kinachotofautisha maneno hayo ni s na t kubadilishana nafasi, na hizo ndizo sauti zinazopotea mapema. Sikio lililochoka hupata "i-a" tu, na ubongo hujaza pengo kwa kile unachokitumaini. "Sitini" na "tisini" nazo ni vivyo hivyo.

Simu huzidisha tatizo. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya takribani hezi 300 na 3,400, na sehemu kubwa ya nguvu ya herufi s iko juu ya hapo. Kwa hiyo hata mwenye masikio mazima hubahatisha kidogo, na mwenye tatizo hubahatisha sana. Ndiyo maana mtu anaweza kukusikia vizuri mkiwa ana kwa ana, akiona midomo yako, kisha akakosea bei ileile kwenye simu.

Dalili nyingine ni hizi: unaomba watu warudie, unasikia kwamba mtu anaongea lakini huelewi anachosema, unapotea wakizungumza watu watatu kwa pamoja, au unasikia mlio masikioni usiku. Ukiziona mbili au tatu kati ya hizo, kapime. Hauko peke yako. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na ifikapo mwaka 2050 wanatarajiwa kupita milioni 700. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu.

Kosa la kwanza la shangazi

Baada ya ile hasara, mtu alimwelekeza kwa muuzaji mmoja mjini. Huyo hakumtazama sikio wala hakumpima. Alifungua kisanduku, akatoa kifaa, akakiingiza sikioni na kuuliza, "Mama, unanisikia?" Shangazi akasema anasikia, kwa kuwa mtu alikuwa mbele yake anapaza sauti. Akalipa na kuondoka.

Sokoni kifaa kilikuza kila kitu: honi, sufuria, matoroli, vicheko. Maneno yalibaki palepale. Kilikuwa kinapiga filimbi kila alipojifunga kitambaa kichwani. Baada ya wiki mbili kiliingia kwenye droo pamoja na betri zake. Aliporudi kulalamika aliambiwa avumilie, atazoea.

Vifaa vya kukuza sauti vya bei nafuu vinauzwa hata mtandaoni. Nchini Marekani, tangu Oktoba 2022, mtu mzima mwenye upungufu mdogo au wa kati anaruhusiwa kununua kifaa cha kusikia dukani bila cheti cha mtaalamu. Lakini vile viliwekewa masharti ya ubora na mipaka ya ukubwa wa sauti. Kisanduku kisicho na jina la mtengenezaji hakina dhamana hiyo, na kifaa kinachopaza sauti kupita kiasi kinaweza kuharibu usikivu uliobaki.

Nani ni nani

Kabla ya kumchagua mtu, jua unayemtafuta. Katika masikio kuna watu wa aina tatu, na mara nyingi wote huitwa "daktari".

Wa kwanza ni daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Huyu hutibu magonjwa: usaha, kiwambo cha sikio kilichotoboka, uvimbe, na hufanya upasuaji. Kwa Uganda, hospitali ya rufaa ya taifa ya Mulago ina idara yake.

Wa pili ni mtaalamu wa usikivu, anayesomea fani ya odiolojia. Kazi yake ni kupima unasikia kiasi gani na tatizo liko sehemu gani ya sikio, kisha kukuchagulia kifaa, kukirekebisha na kukufuatilia. Wataalamu wa aina hii ni wachache katika ukanda wetu, na baadhi wamesomea nje. Kwa sababu hiyo maafisa tabibu na wauguzi waliopata mafunzo ya ziada ya masikio hufanya vipimo vingi, na wengi wao huifanya kazi hiyo vizuri. Usiwadharau. Waulize tu walisomea nini na wapi.

Wa tatu ni muuzaji wa vifaa. Kuuza si dhambi, nasi wenyewe ni wauzaji. Lakini anayejua kuuza peke yake hawezi kujua kama shida yako ni nta iliyoziba, ugonjwa, au mshipa wa fahamu uliochoka.

Omba kuona usajili. Uganda ina Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno kwa ajili ya madaktari, na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi kwa taaluma nyingine za tiba. Kenya, Tanzania na Rwanda nazo zina mabaraza yao. Cheti cha kuhitimu kilichotundikwa ukutani hakitoshi, kwani leseni ya kufanya kazi huhuishwa. Angalia kama ya mwaka huu ipo, na kama kliniki yenyewe ina kibali. Mtu safi hachukii kuulizwa, kama wewe usivyochukia mteja akiomba kuona mizani yako.

Kuna wanaopaswa kuanzia kwa daktari

Hali nyingine hazisubiri kifaa. Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana dawa husaidia zaidi zikianza mapema, na wiki zikipita nafasi hupungua. Usiseme utakwenda ukimaliza kuuza mzigo.

Vilevile anzia kwa daktari kama sikio linatoa usaha au damu, linauma, kama ni sikio moja tu linalosikia vibaya au lenye mlio, au kama una kizunguzungu. Mtaalamu mzuri wa usikivu atakuuliza haya yote kabla ya kuzungumzia vifaa, na akiona dalili mojawapo atakupeleka kwa daktari hata kama anapoteza mauzo. Hiyo ni alama ya kwanza ya mtu wa kuaminika.

Mweleze pia dawa ulizowahi kutumia. Sindano za jentamisini, na zile za streptomisini zilizotumika kwa kifua kikuu, zinaweza kuharibu sikio la ndani. Kwinini kwa kipimo kikubwa inaweza kuleta mlio masikioni. Mweleze kazi zako pia, kama uliwahi kufanya kwenye mashine ya kusaga au kuendesha lori la zamani. Kanuni inayotumika sana kazini ni kwamba kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila ikiongezeka kwa desibeli 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwa desibeli 91, ni saa 2 tu.

Kipimo cha haki kinavyokwenda

Ntinda ni rahisi kufika kwa anayetoka Busia au Malaba. Basi likishapita Mukono, Banda na Kyambogo, unashuka Nakawa kwenye makutano ya Spear Motors na kuchukua bodaboda au teksi ya kupanda Ntinda, bila kuingia msongamano wa katikati ya jiji. Hapa pana zahanati, maduka ya dawa na ofisi nyingi. Pana pia Shule ya Viziwi ya Uganda, na kwa hiyo kuona watu wakizungumza kwa mikono si ajabu kwa wenyeji.

Mtaalamu aliyetupokea alikuwa kijana. Shangazi alimtazama kwa mashaka.

"Karibu ukae, mama," alisema. "Kabla sijagusa sikio lako, niambie unafanya kazi gani."

"Nauza dagaa, mwanangu."

"Na ni wapi hasa unapokosa kusikia?"

"Kwenye simu. Na pale mpakani, malori yakiwa yanaunguruma."

Aliandika yote. Kisha akatazama ndani ya masikio kwa taa. Sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta iliyokauka. Shangazi alikiri kwamba alikuwa akilichokonoa kwa unyoya wa kuku na njiti ya kiberiti. Kijana alimwambia kwa upole kwamba njiti haitoi nta, huisukuma ndani zaidi. Akaitoa, na hapo tu sauti ya upande huo ikapanda. Kwa baadhi ya watu safari huishia hapo. Nta ikitoka wanasikia, na hakuna kifaa cha kununua. Yule muuzaji wa kwanza alikuwa amempachika kifaa juu ya nta.

Baada ya hapo aliingizwa kwenye chumba kidogo kilichozuiwa kelele, akavaa visikilizi na kubonyeza kitufe kila aliposikia mlio, hata ule hafifu kabisa. Sikio moja baada ya jingine, sauti nzito hadi nyembamba, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8,000. Kisha kikawekwa kidude nyuma ya sikio kinachopitisha sauti kwenye mfupa. Matokeo ya njia hizo mbili yakilinganishwa, huonyesha kama shida iko sikio la nje na la kati, ambako mara nyingi kuna tiba, au sikio la ndani, ambako kifaa ndiyo msaada wa kawaida. Kilifuata kipimo cha hewa na kiwambo, kisha kipimo cha maneno.

Hapo kwenye maneno, wavuka mipaka tuwe macho. Kipimo hiki hukutaka urudie maneno unayoyasikia. Ukipimwa kwa Kiingereza au Kiganda usichokijua vizuri, utaonekana husikii kumbe hujui neno. Muulize mapema kama ataweza kukupima na kukuelekeza kwa Kiswahili au kwa lugha unayoishi nayo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini hilo halina maana kwamba kila kliniki inakitumia. Shangazi alipimwa kwa Kiswahili. Kijana akiwa amefunika mdomo alitamka "sita". Shangazi akajibu "tisa". Chumba kilikaa kimya kidogo.

"Kumbe yule mtu hakuniibia," alisema.

Dai karatasi yako

Matokeo huchorwa kwenye karatasi iitwayo odiogramu. Sikio la kulia huandikwa kwa duara, mara nyingi jekundu, na la kushoto kwa alama ya X, mara nyingi ya buluu. Alama zikiwa juu unasikia vizuri, zikishuka chini usikivu umepungua. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya desibeli 20 ni usikivu wa kawaida. 20 hadi 34 ni upungufu mdogo. 35 hadi 49 wa kati. 50 hadi 64 wa kati unaoelekea mkubwa. 65 hadi 79 mkubwa. Na kuanzia 80 ni mkubwa mno.

Omba upewe nakala na uipige picha kwenye simu. Karatasi hiyo inasomeka Nairobi, Kigali, Mwanza na Bukavu kwa alama zilezile. Ukikwama mbali na Ntinda, mtaalamu mwingine ataanzia hapo badala ya kukutoza upya kwa kubahatisha. Anayekataa kukupa karatasi ya masikio yako mwenyewe anataka kukufunga kwake. Mwache.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Bei za vifaa zimepishana sana, na kifaa ghali zaidi si lazima kiwe kinachokufaa. Nimeyakusanya maswali yaliyotusaidia:

Bei hii imegawanyikaje? Taka kujua kipimo ni kiasi gani, kifaa ni kiasi gani, na marekebisho ya baadaye ni kiasi gani. Wengine hutaja bei ndogo ya kifaa, kisha wakakutoza kila unaporudi.

Unauza aina ngapi? Mwenye kampuni moja tu atakusukumia hiyo. Mwenye mbili au tatu anaweza kulinganisha.

Utahakikishaje kwamba kifaa kimewekwa sawa? Jibu zuri ni kwamba atakipanga kwa kompyuta kufuata odiogramu yako, kisha apime sauti inayofika ndani ya sikio kwa mrija mwembamba wenye maikrofoni. Asiye na mashine hiyo basi akupime tena maneno ukiwa umevaa kifaa. "Unanisikia?" si kipimo.

Je, ninahitaji kimoja au viwili? Kama masikio yote mawili yamepungua, viwili husaidia kujua sauti inatoka wapi na kuelewa maneno kwenye kelele. Kama fedha ni ya kimoja, akuambie ni sikio lipi na kwa nini.

Nikishindwa kukizoea, itakuwaje? Uliza kama kuna siku za kujaribu, warantii ni ya muda gani, na kinatengenezwa wapi kikiharibika. Kikipelekwa nje ya nchi kwa miezi miwili, utatumia nini?

Nitarudi lini? Mtu mzuri atakupangia siku kabla hujaondoka, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Ubongo uliozoea ukimya huhitaji muda kujifunza upya, na kifaa huhitaji kusogezwa kidogo kidogo. Kifaa hakirudishi usikivu wa ujana. Anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Mwangalie pia kwa njia zako

Mkazi wa Kampala anaweza kurudi kliniki kesho. Wewe kesho uko Elegu, Katuna, Mutukula au Mpondwe. Kwa hiyo mtaalamu sahihi kwako ni yule aliye kwenye njia unayoipita mara kwa mara, au mwenye mwenzake wa kukuhudumia upande wa pili. Aliye bora kabisa katika mji unaoufika mara moja kwa mwaka hatakufaa. Mfanyabiashara wa Goma au Arua asifuate jina la Ntinda kama hana safari za Ntinda. Achukue maswali haya na kuyauliza karibu na njia yake.

Fikiria na betri. Vifaa vingi hutumia betri ndogo za hewa zenye rangi ya kibandiko inayofanana dunia nzima: njano ni namba 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, buluu ni 675. Shika rangi yako kichwani, maana muuzaji wa dawa mji mwingine anaweza asikuelewe kwa maneno lakini rangi ataiona. Betri huanza kutumika ukibandua kibandiko, kwa hiyo usibandue kabla ya wakati, na ukishabandua iache dakika moja ipate hewa. Nyingi hudumu wiki moja hadi mbili. Nunua za mwezi mzima kabla ya safari. Vifaa vya kuchaji huokoa gharama hiyo, lakini jiulize utalala wapi na kama umeme upo.

Jasho na unyevu ndio adui mkubwa. Usiku kitoe, ukifute kwa kitambaa kikavu, ukifungue mlango wa betri na ukiweke kwenye kopo pamoja na vile vifuko vya kukausha. Anayekuuzia bila kukufundisha haya kwa mkono, ukijaribu mwenyewe mbele yake, hajamaliza kazi.

Si kila mtu atapona kwa kifaa

Wapo ambao kifaa hakitawafaa vya kutosha. Wengine hupandikizwa kifaa ndani ya sikio kwa upasuaji. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza huduma hiyo mwaka 2017. Ni tiba ghali, na si ya kila mtu. Wengine njia yao ni lugha ya alama. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha hiyo, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni. Mtaalamu mwema atakuambia ukweli huu mapema, asikuuzie kifaa cha tatu baada ya viwili kushindwa. Na kama ni mtoto wako ambaye hageuki ukimwita au amechelewa kusema, usingoje akue. Mpeleke sasa, kwa kuwa miaka ya mwanzo ndiyo ya kujifunza lugha, iwe ya mdomo au ya mikono.

Shangazi alinunua kifaa kimoja, cha sikio la kushoto, cha bei ya kati. Betri zake ni za chungwa. Amerudi Ntinda mara tatu kurekebishwa, kila mara akiwa njiani kupeleka mzigo, na mara ya pili alikuwa amekasirika kwa sababu sauti yake mwenyewe ilimkera. Sasa hukivaa kutwa. Malori bado yanamsumbua. Bei ya simu haikubali tena bila kuandikiwa kwa ujumbe, tarakimu na maneno, na hilo nadhani hata wenye masikio mazima tungeliiga.

Yule mnunuzi alimtafuta mwenyewe. Alimwendea dukani kwake na paketi ya dagaa waliochambuliwa, akamwonyesha kifaa sikioni, akamwomba radhi. Mnunuzi alicheka, akampa kiti. Mzigo uliofuata waliuandikiana bei kwenye karatasi, wakasaini wote wawili.